Altrasaundi na kumtoa mashine mgonjwa wa mapafu sugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili: ndugu wanaosubiri kwenye benchi nje ya ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), na wauguzi na madaktari wachanga walio ndani. Mwanzo ni zaidi wa ndugu. Kadiri unavyoshuka tunaingia kwenye mambo ya kazi.

Mzee wetu amezinduka, anatutambua, anatubana mkono. Kwa nini hamumtoi mashine?

Kuzinduka ni sharti moja tu. Mashine ya kupumulia ilikuwa inafanya kazi ya misuli yake, na mpira uliopo kooni ukishatolewa misuli hiyo lazima iibebe kazi yote, usiku na mchana. Tunataka pia ugonjwa uliomleta uwe umepungua, oksijeni anayohitaji iwe kidogo, presha isitegemee dawa nzito, na awe na nguvu ya kukohoa makohozi yake. Kisha tunamjaribu: tunapunguza msaada wa mashine hadi karibu na sifuri, au tunamwacha apumue mwenyewe kupitia mpira uleule huku akipewa oksijeni, kwa dakika 30 hadi saa 2. Akimudu, mpira unatoka. Akishindwa, anarudishwa kupumzika na sisi tunatafuta sababu.

Kutoa mpira mapema mno na kulazimika kuurudisha ni hatari. Kuchelewa nako ni hatari: nimonia ya mashine, misuli kusinyaa, vidonda vya kulala. Ndiyo maana hatusemi "tungoje tu kidogo" bila sababu.

Hao wa mapafu sugu wana nini cha pekee?

Wengi wao wana COPD, ugonjwa wa njia za hewa zilizobana na kuharibika kwa miaka. Sigara ndiyo maarufu, lakini kwetu Afrika Mashariki wapo mama waliopikia kuni na mkaa maisha yao yote kwenye jiko lisilo na dirisha, wapo wachimbaji waliovuta vumbi la mawe, na wapo waliopona TB kwa dawa lakini mapafu yakabaki na makovu.

Kwa mgonjwa wa COPD hewa huingia kwa taabu na hutoka kwa taabu zaidi. Kabla hajamaliza kuitoa, pumzi nyingine inaanza. Hewa inabaki ndani, kifua kinavimba, na diaframu, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, inasukumwa chini na kulazwa bapa. Msuli uliokwisha kufupishwa hivyo hauna pa kwenda ukijikaza. Ni kama kumwambia mtu aruke juu akiwa tayari amesimama kwenye ncha za vidole. Ongeza moyo ambao mara nyingi nao ni mgonjwa, na hewa ukaa ambayo kwake imezoea kuwa juu. Basi kuna njia nne au tano za kushindwa, na kwa nje zote zinafanana: anapumua harakaharaka, anatoka jasho, anahangaika, anarudishwa kwenye mashine.

Hapo ndipo altrasaundi inapoingia. Kwa maoni yangu faida yake kubwa ni kukuambia *kwa nini* ameshindwa. Kubashiri kama atafaulu inajaribu pia, lakini hapo inakosea mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyopenda kukiri.

Altrasaundi si ya wajawazito? Itaonaje pafu lililojaa hewa?

Ni kweli mawimbi ya sauti hayapiti hewani, na kwa miaka mingi vitabu vilisema pafu halipimiki kwa njia hii. Daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein ni mmoja wa walioonyesha kwamba hata taswira za uongo zinazozaliwa na hewa zina maana. Pafu lenye hewa tu linatoa mistari ya mlalo inayojirudia, iitwayo mistari ya A. Pafu lililoanza kuloa maji linatoa miale ya wima inayoshuka hadi chini ya skrini, mistari ya B. Ukiona 3 au zaidi kwenye nafasi moja kati ya mbavu, kuna jambo. Pafu lililojaa nimonia linaonekana nyama tupu, kama ini. Maji yaliyokusanyika nje ya pafu yanaonekana meusi. Hakuna mionzi, hakuna sindano, haiumi. Ni jeli ya baridi na kichwa cha mashine kinachopitishwa kifuani. Mgonjwa hahitaji kutolewa kitandani.

Diaframu inapimwaje?

Kwa njia mbili, na usizichanganye.

Ya kwanza ni mwendo. Kichwa chenye mawimbi ya masafa ya chini, kile cha tumbo, kinawekwa chini ya ukingo wa mbavu upande wa kulia, kikielekezwa juu na nyuma kupitia ini. Diaframu inaonekana mstari mweupe unaopanda na kushuka. Kwa modi ya M, inayochora mwendo wa mstari mmoja kadiri muda unavyokwenda, unapima imeshuka sentimita ngapi katika pumzi moja. Mtu mzima mwenye afya akipumua kwa utulivu inasogea kati ya sentimita 1 na 2 hivi. Chini ya sentimita 1 huhesabiwa kuwa ni udhaifu.

Ya pili ni unene. Kichwa cha masafa ya juu, kile cha mishipa, kinawekwa ubavuni kati ya mbavu ya 8 na ya 10, kwenye mstari wa kwapa au mbele yake kidogo. Utaona nyuzi mbili nyeupe na kati yake msuli wa kijivu, mwembamba, wa milimita 2 hivi. Unapima unene mwisho wa kutoa pumzi na mwisho wa kuvuta, unatoa mdogo kwenye mkubwa, unagawa kwa mdogo, unazidisha kwa 100. Hiyo asilimia ndiyo inayosema msuli umejikaza kiasi gani. Chini ya 20 ni udhaifu. Kuanzia 30 na kuendelea, tafiti nyingi zinasema mgonjwa ana nafasi nzuri ya kuachana na mashine.

Pima pumzi kadhaa, chukua wastani. Weka alama ya kalamu kwenye ngozi ili kesho mwenzako apime palepale, kwa sababu milimita 2 ni kitu kidogo sana na ukisogea nafasi moja ya mbavu unalinganisha embe na papai. Upande wa kushoto ni mgumu zaidi, wengu ni dirisha dogo na tumbo lina gesi. Usipouona vizuri andika hivyo, usibuni namba.

Mgonjwa akiwa bado anasaidiwa na mashine, mwendo wa diaframu una maana?

Hauna, au una maana ndogo sana. Mashine inaposukuma hewa, pafu linajaa na diaframu inashuka hata kama msuli wenyewe umelala fofofo. Umepima kazi ya mashine ukaiandika kwa jina la mgonjwa. Mwendo upimwe wakati wa jaribio la kupumua mwenyewe. Asilimia ya unene inavumilia zaidi, kwa kuwa msuli haunenepi bila kujikaza, lakini nayo hushuka kadiri msaada unavyoongezwa. Siku zote andika mashine ilikuwa kwenye mpangilio gani ulipopima.

Je, kipimo cha sentimita 1 na asilimia 30 kinafaa kwa mgonjwa wa COPD?

Swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Namba hizo zilitokana zaidi na wagonjwa mchanganyiko wa ICU. Kwa mwenye COPD iliyovimbisha kifua, diaframu iko chini tangu mwanzo, kwa hiyo mwendo wake utakuwa mdogo hata siku anayotembea sokoni. Tena msuli uliofupishwa ni mnene kidogo hata ukiwa umepumzika, na ile sehemu ya diaframu inayogusana na ukuta wa kifua, ambayo ndiyo tunayoipima, imepungua. Asilimia inatoka ndogo wakati msuli wenyewe haujafa.

Maana yake: namba nzuri ipe uzito, namba mbaya ihoji. Mzee mwenye COPD mwenye asilimia 35, anayepumua taratibu na kukohoa vizuri, mtoe. Mwenye asilimia 22 aliyemaliza dakika 30 bila shida, usimnyime nafasi kwa ajili ya namba hiyo peke yake. Kilicho na thamani kubwa zaidi kwake ni mabadiliko: alikuwa ngapi dakika ya 5, na ngapi dakika ya 30? Namba inayoporomoka katika jaribio lilelile inasema msuli unachoka, na hilo halitegemei kipimo cha mtu mwingine.

Kabla ya kuulaumu msuli, tazama kama hewa imekwama. Ongeza dawa ya kufungua njia za hewa, mpe muda mrefu wa kutoa pumzi, mwinue akae, kisha pima tena.

Mbona mnapima na misuli ya kati ya mbavu?

Kwa sababu diaframu ikishindwa, jirani ndio wanaobeba mzigo. Weka kichwa cha masafa ya juu kwenye nafasi ya pili kati ya mbavu, sentimita 3 hivi kando ya mfupa wa kidari. Mtu anayepumua kwa utulivu, msuli huo haunenepi kwa kiasi cha kuonekana. Ukivuka asilimia 10 hivi, ujue akiba inatumika. Ni kipimo kipya kuliko vile viwili, lakini ni rahisi kukipata hata kwa mgonjwa mnene.

Alama za mapafu zinahesabiwaje?

Kifua kinagawanywa maeneo 12, sita kila upande. Kila eneo linapewa 0 hadi 3: hewa safi, miale michache ya B, miale iliyoungana, au nyama tupu. Jumla ya juu kabisa ni 36. Katika utafiti wa Kifaransa uliochapishwa mwaka 2012, waliomaliza jaribio wakiwa chini ya 13 kwa kawaida hawakupata taabu baada ya mpira kutoka, na waliovuka 17 wengi walipata. Kati ya hapo ni eneo la kutumia akili.

Tena, linganisha kabla na baada. Pafu linalotoka 8 hadi 15 ndani ya nusu saa limekwambia jambo zito.

Mgonjwa wetu alitibiwa TB zamani. Miale ya B si itakuwepo tu?

Itakuwepo, na huo ndio mtego mkubwa kwa hospitali zetu. Kovu la TB linatoa miale ya B isiyoondoka kwa dawa ya kukojoza, na mara nyingi utando wa pafu juu yake unaonekana umekunjamana au mnene. Ya maji ya moyo huenea pande zote mbili, utando wake ukiwa laini na mwembamba, na huongezeka na kupungua kwa saa. Kwa hiyo mpime mgonjwa wa namna hii siku ya kwanza kabisa, uandike kovu liko eneo gani. Bila picha ya mwanzo, alama 16 za jaribio haziwezi kusomwa.

Moyo unaingiaje kwenye habari ya mapafu?

Unaingia kwa mlango wa mbele, ila wengi hawauoni. Mashine inaposukuma hewa, shinikizo la ndani ya kifua huupunguzia moyo kazi. Ukiondoa msukumo huo, damu nyingi inarudi moyoni kwa mkupuo, na upande wa kushoto unalazimika kusukuma damu dhidi ya kifua kinachovuta kwa nguvu. Presha inapanda, mgonjwa anahangaika, maji yanafurika kwenye mapafu.

Mwaka 1988 Lemaire na wenzake huko Ufaransa walieleza wagonjwa 15 wa COPD waliokuwa pia na ugonjwa wa moyo: kila walipoachwa wapumue wenyewe, shinikizo la upande wa kushoto wa moyo lilipaa. Baada ya kutolewa maji mwilini kwa dawa, 9 kati yao waliachana na mashine. Walikuwa wanaonekana wagonjwa wa mapafu tu.

Leo hatuhitaji kupitisha mpira hadi moyoni ili kujua. Eko ya kitandani, yaani altrasaundi ya moyo, inaonyesha nguvu ya upande wa kushoto, ukubwa wa upande wa kulia, na kasi ya damu inapoingia ventrikali ya kushoto (chumba kinachosukuma damu mwilini) ikilinganishwa na mwendo wa ukuta wa moyo, uwiano uitwao E kwa e'. Uwiano ukipanda wakati wa jaribio, na miale ya B ikachipuka pande zote mbili, jibu umelipata: ni moyo.

Basi nipe mfano mmoja wa kuviunganisha.

Chukua mama wa miaka 67, mpishi wa kuni, siku ya sita kwenye mashine baada ya nimonia. Homa imekwisha, yuko macho. Kabla ya jaribio: alama za mapafu 9, diaframu asilimia 31, moyo unapiga vizuri lakini ukuta mnene wa presha ya muda mrefu. Dakika ya 25 anapumua mara 36 kwa dakika, presha 190. Tunamrudisha, ila kabla ya kumrudisha tunapima kwa dakika chache: diaframu bado 30, alama zimepanda hadi 16, miale mipya pande zote, uwiano wa moyo umepanda.

Bila kifaa tungeandika "misuli imechoka" na kumpumzisha siku mbili. Kwa kuwa tumeona, tunampa dawa ya kukojoza, tunashusha presha, na tunajaribu tena maji yakishapungua. Kama ingekuwa diaframu imeshuka kutoka 31 hadi 15 huku mapafu yakibaki 9, tungekwenda njia nyingine kabisa. Na kama tungekuta maji meusi mengi nje ya pafu, yangetolewa kwanza.

Diaframu ikiwa kweli dhaifu, inatibiwa?

Hakuna sindano ya kuiamsha. Tunaondoa vinavyoidhoofisha: fosfeti, potasiamu na magnesiamu vilivyoshuka, lishe duni, dawa za usingizi zisizo za lazima, steroidi zilizorefushwa bila sababu. Fiziotherapia ianze mapema, akae kitandani, kisha kwenye kiti. Na mashine yenyewe isimfanyie kila kitu. Mwaka 2008 Levine na wenzake walionyesha kwamba nyuzi za diaframu iliyopumzishwa kabisa husinyaa kwa zaidi ya nusu ndani ya saa 18 hadi 69 tu. Kazi kupita kiasi nayo inaumiza. Tunalenga mgonjwa ajikaze kidogo kila pumzi. Asilimia ya unene kati ya 15 na 30 akiwa bado anasaidiwa ni shabaha inayofaa.

Nimeona utando wa pafu hautelezi. Hewa imevuja?

Usichome mrija wa kifuani bado. Kwa mwenye COPD mbaya, pafu lililovimba au lenye mifuko mikubwa ya hewa linaweza lisiteleze bila hewa kuvuja hata kidogo. Tafuta ile sehemu ambapo utelezi unaonekana na kupotea kwa zamu na pumzi. Hiyo ndiyo inayothibitisha. Usipoiona na mgonjwa yuko imara, piga eksirei. Akiwa anaporomoka, hilo ni jambo lingine.

Hewa ukaa iko juu. Tusubiri ishuke iwe ya kawaida?

Hapana. Kawaida yake siyo kawaida yako. Ukimpumulisha kwa nguvu hadi namba ipendeze, figo zitamwaga akiba ya bikaboneti aliyojiwekea kwa miaka, na siku ya kumtoa damu itageuka tindikali kwa haraka. Mrudishe kwenye kiwango chake mwenyewe, ukiangalia pH, yaani kipimo cha tindikali ya damu. Oksijeni pia: asilimia 88 hadi 92 inamtosha. Altrasaundi haijui chochote kuhusu hili, kwa hiyo usiache kipimo cha gesi za damu.

Mpira ukishatoka, kazi imekwisha?

Bado. Mwenye hewa ukaa ya kupanda ahamie moja kwa moja kwenye barakoa ya mashine, inayosukuma hewa bila mpira kooni, bila kungoja achoke. Kwa kundi hili imethibitika kupunguza kushindwa kupumua baada ya mpira kutoka. Rudia kupima mapafu na diaframu saa chache baadaye na kesho yake asubuhi.

Kifaa kidogo cha kuunganisha na simu kinatosha? Na nani apime?

Kwa mapafu, maji na mwendo wa diaframu, kinatosha. Unene wa msuli unataka picha kali zaidi, na uwiano wa moyo unataka dopla (kipimo cha kasi ya damu) ambayo si kila kifaa kidogo kinayo. Anayepima anaweza kuwa daktari, mtaalamu wa ganzi au muuguzi aliyefundishwa. Miale ya B na maji hufundishika upesi. Unene wa diaframu unadai mazoezi marefu, na mara za kwanza pimeni watu wawili mkalinganishe.

Hospitali yetu haina kifaa. Wagonjwa wetu wamepotea?

Hapana. Jaribio la kila asubuhi ndilo linalookoa, si skrini. Punguza dawa za usingizi, mjaribu, hesabu pumzi zake. Tangu mwaka 1991 Yang na Tobin walipendekeza kugawa idadi ya pumzi kwa dakika kwa ujazo wa pumzi moja kwa lita. Zaidi ya 105 ni dalili mbaya, na saa ya ukutani pamoja na skrini ya mashine yenyewe vinatosha. Tazama tumbo: likizama ndani anapovuta pumzi badala ya kupanda, diaframu haifanyi kazi. Sikiliza mapafu, angalia miguu iliyovimba, pima maji yanayoingia na kutoka.

Ameshindwa mara tatu. Sasa?

Kushindwa majaribio matatu au zaidi, au kuvuka siku saba tangu jaribio la kwanza, huitwa kuachana kwa muda mrefu, na mpango unabadilika. Ndio wakati wa kuzungumzia tundu la shingoni, ambalo halina usumbufu wa mpira wa mdomoni na linaruhusu kuachishwa taratibu, saa chache kwa siku. Ni wakati pia wa kukaa na ndugu na kuwauliza mzee aliishije miezi ya mwisho kabla hajaugua: alitembea hadi msikitini, au alikuwa hatoki kitandani? Hakuna kipimo cha skrini kinachojibu hilo, na kamati ya familia ina haki ya kuambiwa picha nzima, pamoja na uwezekano kwamba mashine haitaachwa.